Kuandika upya bayosi ya kadi ya michoro inayokataliwa na kompyuta

Kadi ya michoro inaweza kuonekana nzima kabisa, feni zikazunguka na taa zikawaka, lakini Windows ikaikataa kwa kosa namba 43, au ikaipokea vizuri na kisha skrini ikazimika mara tu mchezo au programu ya kuhariri video inapofunguliwa. Nyingi za kadi za namna hiyo zinazofika kwenye meza yangu hapa Wandegeya, Kampala, hazina chipu iliyoungua. Kilichoharibika ni bayosi yake, yaani ile programu ndogo inayokaa ndani ya chipu ya miguu minane pembeni mwa kadi, ambayo huiambia kadi ina kumbukumbu ya aina gani, iende kwa kasi gani na ijiruhusu kutumia umeme kiasi gani.

Nitatumia mfano wa Radeon RX 580, kadi ya kampuni ya AMD yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, iliyoletwa kwangu kutoka Jinja kwa taksi, imeviringishwa kipande cha kitenge, mali ya kijana anayehariri video za harusi na za kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi ukweni. Aliinunua ikiwa imetumika. Kadi za aina hii zilitoka mwaka 2017, na nyingi zilifanya kazi ya kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum hadi Septemba 2022, mtandao huo ulipoacha uchimbaji na wenye kadi wakazipeleka sokoni. Wachimbaji walikuwa na desturi ya kubadilisha bayosi: walipunguza kasi ya chipu kuu ili isile umeme mwingi, wakaongeza kasi ya kumbukumbu na kubana muda wake wa kusubiri. Draiva za AMD, yaani programu zinazoiwezesha Windows kuitumia kadi, hukagua sahihi ya bayosi, ile alama ya kidijitali inayothibitisha kwamba haijabadilishwa, na zikikuta imechezewa hugoma. Mnunuzi hana habari ya yote hayo. Yeye anachokiona ni kadi mbovu.

Hatua ya kwanza: thibitisha kwamba ugonjwa ni wa bayosi

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, kwa hiyo usiharakishe. Ikiwa mistari ya rangi au vidoto vinaonekana tangu kompyuta inapowashwa, kabla hata Windows haijaanza, shuku chipu za kumbukumbu au risasi ya kulehemu iliyoachia chini ya chipu kuu, na bayosi mpya haitakusaidia. Ikiwa kadi inazima baada ya dakika kumi na joto limepanda, fungua kipoozeo kwanza: vumbi jekundu la barabara zetu huziba mapezi yake, na dawa ya kupitisha joto hukauka. Safisha, paka dawa mpya, kisha pima tena. Jaribu pia kadi kwenye kompyuta nyingine yenye pawasaplai unayoiamini, na ufute draiva za zamani kwa programu ya Display Driver Uninstaller ukiwa umewasha Windows katika hali salama.

Kadi ya Jinja ilipita vipimo hivyo vyote. Ilikuwa baridi, picha yake safi, lakini draiva haikukubali kupanda. Nilipofungua GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi, niliona kasi ya chipu kuu ikiwa chini ya megahezi 1,200, ilhali kiwango cha AMD kwa RX 580 ni 1,257 kinachopanda hadi 1,340, na kumbukumbu ikiwa juu ya 2,000 ambayo ndiyo kasi yake ya kiwandani. Hapo sikuwa na shaka tena.

Upande wa Nvidia, mshindani wa AMD, hali ni tofauti kidogo. Tangu kizazi cha Pascal cha mwaka 2016 kadi zake hukagua sahihi zenyewe, kwa hiyo bayosi zilizochezewa ni nadra. Tatizo linalojulikana zaidi huko ni skrini kubaki nyeusi hadi Windows iwake, pale monita inapounganishwa kwa DisplayPort ya toleo la 1.3 au 1.4. Mwaka 2018 Nvidia yenyewe ilitoa programu ya kurekebisha hilo kwa kadi za Pascal na za kizazi kilichoitangulia, Maxwell. Ipakue kutoka tovuti yao, iendeshe, na kazi imekwisha.

Hatua ya pili: linda umeme

Uandishi wenyewe hauchukui hata dakika moja, lakini dakika hiyo umeme usikatike. Unganisha kompyuta kwenye UPS, yaani betri ya akiba, ambayo umeijaribu kwa kuchomoa waya ukutani, wala usitegemee kwamba taa yake inawaka. Msimu wa mvua mimi siandiki bayosi alasiri mawingu yanapokuwa yamejikusanya upande wa ziwa. Nasubiri hadi asubuhi, na mteja huambiwa hivyo waziwazi.

Tumia kompyuta ambayo kichakataji chake kina michoro ya ndani, na monita uiunganishe huko. Kadi unayoitibu ikizimika, bado utakuwa unaona unachofanya.

Hatua ya tatu: soma kabla ya kuandika

Pakua amdvbflash, programu ya kusoma na kuandika bayosi za kadi za AMD, na uliweke folda lake mahali pafupi kama C:\bayosi. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, kisha andika:

amdvbflash -i

Utaona orodha ya kadi, kila moja na namba yake. Kama kadi yako ni 0, toa nakala mbili:

amdvbflash -s 0 nakala1.rom
amdvbflash -s 0 nakala2.rom

Kisha uzilinganishe kwa amri ya Windows:

fc /b nakala1.rom nakala2.rom

Zikitofautiana hata kwa baiti moja, simama hapo. Usomaji usiotulia ni dalili ya chipu inayochoka au mguso mbaya kwenye sloti, na ukiandika katika hali hiyo utaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Safisha meno ya dhahabu ya kadi kwa spiriti, irudishe, usome tena. Zikifanana, hifadhi moja kwenye flashi diski iliyo nje ya kompyuta hiyo. Hata bayosi iliyochezewa ina thamani, kwa sababu kadi hiyo hiyo imewahi kuwaka nayo.

Hatua ya nne: tafuta bayosi inayoifaa kadi hiyo

Kwanza tazama kama kadi ina swichi ndogo ukingoni. Kadi nyingi za daraja la juu zina bayosi mbili, na mchimbaji huenda alibadilisha moja tu. Zima kompyuta, sogeza swichi, washa. Nimewahi kumrudishia mteja kadi yake bila kuandika hata baiti moja.

Kama haina swichi, au zote mbili zimechezewa, ingia katika maktaba ya bayosi ya tovuti ya TechPowerUp. Jina la RX 580 pekee halitoshi. Kadi za RX 470, 480, 570 na 580 hushiriki kitambulisho kimoja cha chipu, 67DF, kwa hiyo kitambulisho hicho hakitakuzuia kuweka bayosi ya 470 juu ya 580. Linganisha mtengenezaji na modeli kama vilivyoandikwa kwenye karatasi iliyo mgongoni mwa kadi, ukubwa wa kumbukumbu, na zaidi ya yote kampuni iliyotengeneza chipu za kumbukumbu, ambayo GPU-Z huionyesha: Samsung, Hynix, Micron au Elpida. Ukurasa wa kila bayosi hutaja kumbukumbu inazozijua. Kadi ya Jinja ilikuwa na Hynix, na bayosi ya kwanza niliyoipata, ya modeli ile ile, ilitaja Samsung na Micron tu. Niliiacha, nikaendelea kutafuta.

Jihadhari pia na RX 580 zenye viini vya kuchakata 2,048 badala ya 2,304. Hiyo ni kadi nyingine yenye jina linalofanana, na bayosi ya 580 kamili haitaiongezea viini.

Hatua ya tano: andika

Funga programu zote, kisha:

amdvbflash -p 0 mpya.rom

Programu ikikataa kwa kudai kwamba vitambulisho havilingani, usikimbilie kuongeza -f ya kulazimisha. Katika kazi yangu, kukataa huko kumekuwa onyo la kweli mara nyingi kuliko usumbufu. Rudi kwenye hatua ya nne ukague tena. Ikikubali, isubiri imalize na kuthibitisha, zima kompyuta kabisa, kisha uiwashe.

Ikiwa uandishi umekatika katikati

Miaka michache iliyopita, kabla sijajiwekea masharti ya umeme, mvua ilinikuta katikati ya kazi hii na taa zikazimika. UPS ilidumu sekunde chache tu. Kadi ya mteja ikawa haionekani popote, na kompyuta ikakataa kuwaka ikiwa nayo. Niliiokoa kwa kifaa cha kuandikia chipu aina ya CH341A chenye klipu ya miguu minane, na tangu siku hiyo hakitoki mezani pangu.

Ondoa kadi kwenye kompyuta na utafute chipu ya bayosi. Chukua kioo cha kukuzia usome maandishi yake kabla ya kugusa chochote, kwa sababu chipu nyingine hutumia volti 3.3 na nyingine volti 1.8. Kwa chipu za Winbond, herufi W mwishoni mwa jina, kama katika W25Q80EW, ni alama ya volti 1.8; hiyo huhitaji adapta yake, na ukiipa 3.3 unaweza kuiua. Kidoto kilichochongwa kwenye kona ndicho mguu wa kwanza, na waya mwekundu wa klipu hukaa hapo. Bana klipu wima, bila kuilaza. Kwenye Linux soma kwanza kwa programu ya flashrom, mara mbili kama kawaida:

flashrom -p ch341a_spi -r hali.bin

Kisha angalia ukubwa. Faili la bayosi ya RX 580 kwa kawaida ni baiti 262,144, lakini chipu yenyewe huenda ikawa na nafasi ya baiti 524,288, na flashrom haikubali faili lisilolingana na chipu. Lijaze faili mwishoni kwa baiti za FF, yaani nafasi tupu, hadi litoshe, ulifungue kwa programu ya kuonyesha baiti na uhakikishe linaanza na 55 AA, kisha uandike kwa -w badala ya -r. Flashrom itathibitisha yenyewe.

Hatua ya mwisho: pima kwa kazi nzito

Weka draiva mpya. Endesha FurMark, programu ya kuipa kadi kazi nzito, kwa nusu saa huku HWiNFO, inayoonyesha vipimo vya kadi, ikiwa wazi, na macho yako yakae kwenye mstari unaohesabu makosa ya kumbukumbu. Hesabu ikibaki sifuri, endesha kipimo cha kumbukumbu cha programu ya OCCT. Ikipanda, ujue bayosi imepona lakini chipu za kumbukumbu zimechoka kwa miaka ya uchimbaji. Mweleze mteja hivyo bila kuficha, hata kama kadi inaonyesha picha nzuri mbele yake.

Kadi ya Jinja ilimaliza vipimo bila kosa. Nilibandika mgongoni mwake karatasi yenye toleo la bayosi na tarehe ya kuandikwa, nikamkabidhi yule kijana flashi diski yenye mafaili mawili, la zamani na jipya, kila moja na jina lake.