Namna ya Kusahihisha Kiswahili cha Mwenzako

Kabla ya kulalamika kwamba watu wa siku hizi hawajui kuandika, isome mara ya pili sentensi iliyokukera, kisha ujiulize kama kosa lililomo limegeuza maana au limekwaruza sikio lako tu.

Anza na herufi h. Katibu wa kamati ya harusi ya ndugu yangu alituandikia kwamba mpishi "atakuja Ijumaa", akikusudia "hatakuja", nasi siku hiyo tukakaa hadi jioni na mchele, nyama na masufuria ya kukodi, pasipo mtu wa kupika. Kwa sababu hiyo, katika ujumbe au mkataba wowote, visome kwa sauti vitenzi vya wakati ujao vinavyomhusu mtu mmoja: mdaiwa asiyelipa na anayelipa wametenganishwa na herufi moja, hatalipa na atalipa.

Kisha tazama r na l. Anayeandika "mahali imepokelewa" badala ya "mahari imepokelewa" mara nyingi anafuata matamshi ya lugha yake ya kwanza, isiyotofautisha sauti hizo mbili, kwa hiyo kumwambia kwamba hakusoma ni kumdhulumu. Mpe jozi za maneno, kama karamu na kalamu, azizoee kwa jicho.

"Masaa" yanahitaji subira zaidi. Kisarufi, wingi wa saa ni saa, lakini ukimwambia mtu "subiri saa mbili" hajui kama ni mpaka saa mbili au kwa muda huo, na "masaa mawili" humwondolea shaka. Katika barua rasmi andika "muda wa saa mbili". Katika mazungumzo, mimi simkatizi mtu. Wala usimsahihishe Mmvita, yaani Mswahili wa Mombasa, anayesema "ndia", kwani "njia" yako imekuwa sanifu kwa sababu Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwao.

Unaposahihisha, usifanye hivyo mbele ya kundi zima. Mwandikie mhusika peke yake, umwekee sentensi iliyonyooka pamoja na sababu yake, na akiwa amekuzidi umri, tanguliza shikamoo na samahani. Katibu wetu nilimpigia simu baada ya harusi, tukazungumza kwa utulivu, na tangu hapo huandika "hawezi kuja", maana hata h ikimponyoka, "awezi kuja" hakuna atakayeisoma kuwa ahadi.