Kabla ya Kutoboa Mbao: Mahali pa Kufunga Paneli ya Umeme Kwenye Mashua Ndogo

Mashua yangu ya tanga hulala Tudor, Mombasa. Paneli yake ya kwanza, yaani ubao wa swichi za umeme, ilifungwa kando ya ngazi, karibu na mlango wa chumba, na mimi nilipapenda kwa sababu ukiwa kwenye usukani unazifikia swichi bila kuinuka. Msimu mmoja wa kusi ulitosha. Nilipoifungua, skrubu za nyuma zilikuwa zimeota kutu ya kijani, na waya wa taa ya mlingotini ulikatika mkononi mwangu kama kijiti kikavu.

Kwa hiyo anza na maji. Huingia kutoka juu kupitia mlango na madirisha, hupanda kutoka chini ngama (sehemu ya chini kabisa ya chombo, maji yanapokusanyika) inapojaa na chombo kikalala ubavu, na humea yenyewe ubaoni kama jasho, hasa usiku baada ya mvua. Kata kipande cha boksi chenye ukubwa wa paneli, kibandike pale unapopafikiria, kisha toka hadi nje ya mwamba siku ya upepo upige bisho, yaani uende mshazari dhidi ya upepo, pande zote mbili. Ukirudi, litazame boksi. Langu lilipata madoa ya chumvi mara mbili. Mara ya tatu nililisogeza ndani zaidi, usawa wa kifua nikiwa nimeketi, likarudi kavu.

Pili, fikiria nyuma ya paneli kuliko uso wake. Siku ya hitilafu utakuwa nyuma, una tochi mdomoni na chombo kinayumba. Mkono na bisibisi viingie bila kujikunja. Mimi nimeifunga kwa bawaba upande wa chini na kuacha waya za ziada za kutosha, paneli inalala wazi kama kitabu. Usiigandamize kwenye ubavu wa mashua. Weka vipande vya mbao katikati hewa ipite. Na kila waya ushuke kwanza chini ya paneli ndipo upande kuingia, ili tone linalofuata waya lidondoke kabla ya kufika kwenye skrubu.

Betri nayo ina masharti yake. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi nyepesi inayopanda na kulipuka kwa cheche, na swichi hutoa cheche. Basi paneli isikae juu ya betri. Mvuke wa petroli ni kinyume chake, ni mzito na hutuama chini, kwa hiyo mwenye injini ya petroli asiweke swichi karibu na tangi wala karibu na ngama. Hata hivyo usiende mbali mno na betri, maana waya mrefu hupoteza umeme njiani. Kwenye volti 12, pampu ya ampea 5 iliyo mita 4 kutoka kwenye chanzo (kwenda na kurudi ni mita 8) hupoteza kama volti 0.3 kwenye waya wa milimita mraba 2.5, na karibu 0.5 kwenye waya wa 1.5. Nunua waya wa shaba uliopakwa bati. Ule wa nyumbani huliwa na chumvi. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 18 hivi. Pampu ya ngama ipewe waya wake moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi yake, ifanye kazi hata ukizima kila kitu na kwenda nyumbani.

Dira wengi huisahau. Umeme ukipita karibu nayo sindano hugeuka. Shika paneli pale, unganisha kwa muda, washa swichi moja moja huku mwenzako akitazama dira. Ikicheza, sogeza paneli au zisokote waya mbili za kila taa pamoja.

Mwisho kaa kwenye usukani, funga macho, unyooshe mkono utafute swichi ya taa za safari. Ukiigusa mara tatu bila kupapasa, chukua drili.