Kutoka Dodoma hadi Pangani kwa Gari: Safari ya Mtu Anayewaza Kuhamia Pwani

Mkazi wa Dodoma anayetaka kuiona bahari mara nyingi hukimbilia Dar es Salaam, akakaa siku mbili kwenye foleni, kisha akarudi akisema kwamba pwani ni joto tupu. Kwa anayewaza kuishi huko siku moja, napendekeza njia ndefu zaidi, ya Tanga na Pangani, tena safari yenyewe ipangwe tangu mwanzo kama jaribio la kuishi.

Njia haina utata. Kutoka Dodoma unapita Kibaigwa, Gairo na Dumila hadi Morogoro, mwendo wa takriban kilomita 260, kisha unaendelea hadi Chalinze, ambako unaiacha barabara ya Dar es Salaam na kushika ya kaskazini mpaka Segera, na hapo unakata kulia kuelekea Muheza na Tanga. Kwa jumla ni karibu kilomita 600, na nyingine zipatazo 50 kutoka Tanga hadi Pangani. Lala Morogoro, usishindane na malori usiku. Kabla ya kuondoka kagua rejeta, matairi pamoja na la akiba, na bima ya gari. Na kwa kuwa barabara hiyo imejaa vijiji, heshimu kilomita 50 kwa saa kila unapoingia kwenye makazi. Ukifika Muheza nunua machungwa, kwa sababu ndiko kwao.

Tarehe ya kusafiri isichaguliwe kwa likizo peke yake, bali pia kwa mwezi wa angani. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndizo za bamvu, ambapo maji hujaa sana mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa sana mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Mgeni asiyelijua hili hufika ufukweni na taulo begani, akakuta bahari imerudi mbali na kuacha matope, mwani na akina mama wakiokota chaza. Na aliyekuja kutazama jua likizama baharini ajue mapema kwamba pwani yetu hutazama mashariki, hivyo tamasha hilo liko alfajiri.

Kati ya Tanga na Pangani usiende haraka. Simama Tongoni kwenye magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo, kisha tazama mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini mwaka 1893 na kuanzia huko huko Pangani. Sehemu ya kusini ya mto Pangani, kuelekea Ushongo na Saadani, iulizie kwa wenyeji kabla ya kuvuka, hasa msimu wa masika.

Ukishafika, kaa mahali pamoja usiku usiopungua minne, na upange chumba cha kawaida chenye feni badala ya hoteli yenye kiyoyozi, maana hoteli itakuficha yale uliyokuja kuyajua. Mimi niliacha bisibisi yangu kwenye kizingiti cha dirisha, bisibisi iliyokaa Dodoma miaka mingi ikiwa inang'aa. Asubuhi ya nne ilikuwa na madoa ya kutu yanayoacha rangi kidoleni. Chumvi mezani ilikuwa imeshikana, haimiminiki mpaka uitikise. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini fundi wa pale alisisitiza habari ya misumari na mabati kabla hata ya kuniuliza nataka nyumba ya vyumba vingapi. Kwa hiyo onja maji ya kisima, nenda sokoni saa samaki wanapoingia, lala chini ya chandarua, na uulize mtoto hupelekwa wapi akiugua usiku.

Kuhusu kiwanja, uwe mzito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na hapo hapo ndipo utakapoonyeshwa pa kujenga. Kama ardhi ni ya kijiji, halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli, na karatasi iliyoandikwa chini ya mwembe mbele ya mjumbe haitoshi. Fika ofisi ya ardhi ya wilaya. Tena bahari yenyewe husogea. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1975, kilikuwa na mivinje. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa.

Safari hii ya kwanza uifanye kati ya Juni na Septemba, wakati wa kusi, ambapo hewa ni poa na kila kitu kinapendeza. Ya pili ifanye Aprili, mvua ikinyesha, panga chumba kwa mwezi mzima, na bei ya kiwanja uiulize wiki ya mwisho.