Mfalme Alinunua Nini Hasa? Namna ya Kupima Uzito wa Taji Kabla ya Kulipa

Sahani ya kwanza niliyonunua ili niiuze ilinifunza kazi hii kuliko mwalimu yeyote. Mgongoni ilikuwa na simba upande mmoja, farasi mwenye pembe moja upande wa pili, ngao katikati na taji juu. Nikaamini imetoka kwa mfinyanzi wa ikulu ya Uingereza, nikalipa mara 3 ya bei ya sahani nyingine za umri wake. Mthamini mzee niliyempelekea aliigeuza, akaitazama kidogo, akanirudishia. Akanieleza kuwa katika karne ya 19 wafinyanzi wengi wa Kiingereza walipiga nembo ya kifalme kwenye vyombo vyao vizito vyeupe, vile vinavyoitwa ironstone, bila kuteuliwa na yeyote. Hata viwanda vya Marekani viliiga, ili mnunuzi adhani ameshika kazi ya Uingereza.

Sasa ni mimi ninayethamini mikoba, mavazi na vyombo vya kifahari vilivyokwisha kutumika, na kila kitu chenye taji nakiuliza swali lile ambalo sikuliuliza siku ile: mfalme alinunua nini hasa?

Anza kwa kujua ni uhusiano wa aina gani unaouziwa. Wauzaji hupenda kusema tu "chapa ya wafalme", lakini chini ya maneno hayo kuna mambo yasiyofanana. Kampuni inaweza kuwa na hati rasmi ya kuhudumia ikulu. Inaweza kuwa na picha ya malkia au binti mfalme amevaa nguo yake. Inaweza kuwa na bidhaa iliyopewa jina lake. Au unaweza kuwa umeshika kitu chenyewe kilichotoka kabatini mwake. Kila moja inagusa bei kwa namna yake.

Hati ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Uingereza huiita Royal Warrant, na chama cha wenye hati hizo kipo tangu 1840. Hainunuliwi. Kampuni lazima iwe imeihudumia ikulu kwa miaka isiyopungua 5 kati ya 7 iliyopita, na ikulu hulipia bidhaa kama mteja mwingine. Hati hupitiwa upya kila baada ya miaka isiyozidi 5. Mabenki, magazeti, mawakili na baa hawapewi. Jina linaloandikwa kwenye hati ni la mtu ndani ya kampuni, ambaye anawajibika binafsi kwa namna nembo inavyotumika.

Kwa hiyo soma lebo mstari kwa mstari. Juu kuna nembo, chini yake maneno "By Appointment to", kisha jina la aliyetoa hati, kisha kazi ambayo kampuni imeteuliwa kuifanya, kisha jina la kampuni na mji. Mstari wa kazi ndio wa kuusoma mara mbili. Hati ya kampuni ya mavazi ya Burberry kutoka kwa Malkia Elizabeth II, ya mwaka 1955, iliwataja kama watengenezaji wa mavazi ya kukinga mvua na baridi. Koti la mvua la kampuni hiyo lina haki ya kujivunia hati ile. Manukato yenye jina hilohilo hayaihusu, na mteja akiniambia chupa yake "imeidhinishwa na Malkia", namwonyesha mstari huo. Angalia pia alama: manyoya 3 ya mbuni ndani ya taji dogo ni ya Mwana Mfalme wa Wales, si ya mfalme. Charles alitoa hati zenye manyoya hayo kwa miaka mingi kabla ya kurithi kiti.

Hati hufa na aliyeitoa. Elizabeth II alifariki tarehe 8 Septemba 2022, na wenye hati zake wakapewa muda wa mpito, ambao kwa kawaida ni miaka 2, huku wakiomba upya kwa Mfalme Charles III. Si wote waliofaulu. Mwezi Desemba 2024 kampuni ya chokoleti ya Cadbury ilikosa, baada ya heshima iliyoanza enzi za Malkia Victoria mwaka 1854. Kwa mthamini hilo ni msaada mkubwa, maana nembo kwenye lebo inakuambia kipindi ambacho mkoba au koti lilitengenezwa. Kwenye vyombo vya udongo ni vivyo hivyo: ngao ndogo katikati ya ngao kubwa ilikuwa sehemu ya nembo ya Uingereza kuanzia 1801 hadi 1837. Sahani yangu haikuwa nayo, hivyo chapa yake ilichorwa baada ya hapo.

Je, hati inaongeza bei? Katika kipande kimoja kilichotumika, mimi siiongezei karibu chochote. Naichukulia kama ushahidi kwamba kwa miaka kadhaa mteja mkali aliendelea kurudi kwa fundi yuleyule. Ni ushahidi mzuri, ila unahusu uthabiti wa fundi na hausemi lolote juu ya mshono ulio mbele yangu. Kwa kampuni yenyewe ni jambo jingine, na hapa nampenda sana Josiah Wedgwood. Mwaka 1765 Malkia Charlotte aliagiza kwake seti ya chai. Wedgwood akapata ruhusa ya kujiita mfinyanzi wa malkia, na vyombo vyake vya rangi ya malai akaviita Queen's Ware. Wakubwa wakavikimbilia. Miaka 2 baadaye, akimwandikia mshirika wake, alijiuliza ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na njia ambayo vyombo viliingia sokoni, na kiasi gani kilitokana na uzuri na manufaa yake. Mtu aliyekuwa akifaidika na taji kila siku alikuwa na ujasiri wa kuuliza hivyo. Nawe uliza.

Kuonekana ni moto wa mabua. Mwezi Novemba 2010 Kate Middleton alitangaza uchumba wake na Mwana Mfalme William akiwa amevaa gauni la buluu la kampuni ya Issa, na likaisha madukani upesi. Wengi wanaishia hapo wanaposimulia. Maombi yalikuwa mengi kuliko mtaji wa kushona, mwanzilishi akaondoka mwaka 2013, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba kampuni inafungwa. Nguo ya namna hii ukiinunua wiki ya picha, umenunua kileleni. Subiri. Nimeona koti likishuka bei ndani ya msimu mmoja, mara tu kiwanda kiliposhona jingine lilelile.

Jina hudumu zaidi, kwa sababu halitoki midomoni. Mwaka 1995 Bernadette Chirac, mke wa rais wa Ufaransa, alimpa Diana mkoba wa Dior. Diana akawa haachani nao, na mwaka uliofuata ukaitwa Lady Dior. Mkoba wa Hermès ulikuwepo tangu miaka ya 1930. Grace Kelly, Binti Mfalme wa Monaco, alipigwa picha nao mwaka 1956, na jina Kelly likawa rasmi mwaka 1977. Lakini utazame mkoba wenyewe: ngozi, kushona kwa mkono, kiasi kidogo kinachotolewa sokoni. Jina limekaa kwa sababu lilikuwa na kitu cha kukalia. Ukipewa Kelly yenye ngozi iliyopasuka na kufuli isiyo ya asili, usiruhusu binti mfalme akufumbe macho.

Uhusiano unaweza kukatika pia, na ni vizuri kuona kinachobaki. Rigby & Peller, washonaji wa nguo za ndani za Malkia, walipoteza hati mapema 2018 baada ya mmiliki wao wa zamani kuandika kumbukumbu zilizogusa kazi yake ikulu. Harrods iliondoa nembo za kifalme mwaka 2000, wakati wa mmiliki wake Mohamed Al-Fayed. Miaka 10 baadaye duka hilo, bila nembo, liliuzwa kwa Qatar kwa takriban pauni bilioni 1.5. Nikimkuta mtu anayedhani taji ndilo linalobeba chapa nzima, humpa mfano huo.

Namna yangu ya kupanga bei ni rahisi. Nafunika nembo kwa karatasi. Nauliza kipande hiki, kwa hali yake na fundi wake, kingeuzwa kiasi gani. Kiasi hicho nakiandika kwanza. Nikifunua nembo, naongeza tu pale ninapoweza kuonyesha kwamba kipande hikihiki kilikuwa mikononi mwa mfalme, malkia au mtoto wao. Hapo ndipo taji linapokuwa fedha kweli. Mwezi Juni 1997 Diana aliuza magauni 79 kwa mnada wa Christie's mjini New York kwa ajili ya misaada. Gauni la mahameli ya buluu la Victor Edelstein, alilolivaa akicheza dansi na mwigizaji John Travolta katika Ikulu ya Marekani, lilifika dola 222,500. Gauni jingine la fundi huyohuyo, ambalo Diana hakulivaa, lisingekaribia kiasi hicho.

Ukiambiwa una kitu cha namna hiyo, omba katalogi ya mnada na namba ya kipande, risiti za kila aliyekimiliki, na picha ya wakati ule yenye mwanga wa kutosha. Kisha usitazame uso wa aliyekivaa. Tazama mahali ambapo kitambaa kinakutana na zipu, mkunjo wa kiunoni, mwelekeo wa nyuzi za mahameli, kovu la ngozi kwenye mpini. Hesabu vifungo pichani, halafu hesabu vile ulivyoshika.