Namna ya kusoma mwenendo wa VVU, taifa na mkoa

Mimi ni karani wa takwimu kwenye kliniki ya tiba na matunzo, CTC, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, Tanzania. Madiwani na wanafunzi huniuliza: maambukizi ya VVU yanapanda au yanashuka? Nami huwauliza kwanza: mnataka walioambukizwa mwaka huu, au wote wanaoishi na virusi?

Hizo ni hesabu mbili. Kiwango cha maambukizi, yaani asilimia ya wote wanaoishi na virusi, humhesabu hata mama aliyeanza dawa miaka 15 iliyopita na sasa analea wajukuu. Dawa zikifanya kazi watu hawafi, kwa hiyo kiwango kinaweza kupanda huku maambukizi mapya yakipungua. Njombe ilikuwa asilimia 11.4 katika utafiti wa kaya wa 2016-17, ikawa 12.7 mwaka 2022-23. Usikimbilie kuandika kwamba Njombe imeshindwa. Tena sampuli ya mkoa mmoja ni ndogo, kwa hiyo angalia na mipaka ya makadirio, ya chini na ya juu, iliyoandikwa pembeni ya namba.

Kwa picha ya taifa, anza na tafiti za kaya. Kati ya watu wa miaka 15 hadi 49, wenye VVU walikuwa asilimia 7.0 mwaka 2003-04, kisha 5.7, 5.1, na 4.7 mwaka 2016-17. Ile 4.4 ya 2022-23 inayotajwa sana ni ya miaka 15 na kuendelea. Usiiunge kwenye mstari uleule. Tafuta ndani ya ripoti jedwali la 15 hadi 49. Makadirio ya UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, nayo hutoka kila mwaka na hurekebisha miaka ya nyuma, kwa hiyo chukua mfululizo wote upya, usibandike namba mpya kwenye jedwali la zamani.

Upande wa matibabu ndio unaonigusa zaidi. Lengo ni 95-95-95: asilimia 95 ya wenye VVU wajue hali zao, 95 ya hao watumie dawa, na 95 ya hao wa dawa virusi vifubae; na utafiti wa 2022-23 ulitupa 82.7, 97.9 na 94.3. Zizidishe. Kati ya watu 1,000 wenye VVU, 827 wanajua hali zao, kama 810 wanatumia dawa, na kama 763 virusi vimefubaa. Lengo lingetupa 857. Aliyefika kliniki tunamshika vizuri; anayeniuma ni yule ambaye hajapimwa. Maafisa wa wilaya wakisifu hizo mbili za mwisho, waulizeni ya kwanza.

Sasa takwimu za vituo, zinazoingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, kila mwezi. Hizi zinahesabu waliohudhuria, si wakazi. Kibaigwa kuna soko kubwa la mahindi na malori hayakatiki; mtu anaweza kuja na barua ya uhamisho kutoka mkoa mwingine, nikamwandika mgeni kwenye rejista, na idadi yetu ikaongezeka bila mtu hata mmoja kuambukizwa hapa. Mvua zikianza, wengine huenda kulima Kiteto. Asiyepewa dawa za miezi kadhaa anaweza kukosa tarehe yake, na kwenye kompyuta anaonekana mtoro, kumbe dawa anachukua kituo cha hukohuko.

Kwa hiyo ukipewa idadi ya kituo, omba na mchanganuo: walioanza dawa, waliohamia, waliohamishwa, waliopotea, waliofariki. Majina hatutoi kamwe, wala usiyaombe. Kisha linganisha Januari na Januari, usilinganishe Januari na Julai.