Kona ya nje ya taili: imalize isimeguke

Nyumba za mawe za Lamu ni chache zenye kona iliyonyooka. Na kona iliyopinda haifichiki kwa stripu, ule ukanda mwembamba wa kumalizia kingo za taili konani. Stripu ndiyo inayoianika. Basi kabla ya kununua chochote, shika timazi.

Kagua kona. Teremsha timazi kutoka juu, uso mmoja kisha wa pili. Ikipotoka zaidi ya milimita 3 kwa mita 2, sawazisha kwa plasta na uiache ikauke. Gonga chokaa ya zamani kwa mpini wa mwiko. Pakilia tupu, bandua. Ungaunga mweupe wa chumvi sugua kwa brashi kavu. Ukiuosha, chumvi inayeyuka na kurudi ukutani.

Chagua stripu. Kwa hewa ya bahari, alumini huliwa na kuota madoa meupe. Chukua plastiki, au chuma cha pua cha daraja la 316. Kimo kilingane na unene wa taili au kizidi kidogo: taili ya mm 8, stripu ya mm 8 au 10. Ikipungua, ukingo wa taili hutokeza na kukwaruza kila bega linalopita.

Weka. Kata stripu kwa msumeno wa chuma, lainisha ncha kwa tupa. Panga taili kavu kwanza: nzima ikae konani, vipande viende kona ya ndani. Paka gundi kwa mwiko wa meno, zamisha ubawa wa stripu wenye matundu mpaka gundi itokeze, kisha simamisha kwa pimamaji. Pitisha gundi nyembamba juu ya ubawa, bandika taili, acha mm 2 kati yake na stripu. Wakati wa kaskazi paka eneo la taili mbili tatu tu. Gundi ikigusika bila kushika kidole, imeshakufa; ikwangue.

Wengine, badala ya stripu, hupenda kukata kingo za taili nyuzi 45 kwa grainda. Hupendeza kwa poseleni, lakini usifikishe diski kwenye uso wa taili: bakisha mm 1, la sivyo ncha humeguka ikiguswa na ndoo. Upande wa nyuma kata zaidi kidogo, maana migongo ikigusana kona haifungi.

Grauti, ile ya kujaza nafasi kati ya taili, tia baada ya saa 24. Futa stripu kwa sponji yenye unyevu grauti ingali mbichi. Usisugue kwa waya wa chuma: vipande vyake hubaki juu ya stripu na kuota kutu.