Désiré asigeuke Desire: jina la Lubumbashi likivuka Kasumbalesa

Kutoka Lubumbashi kwenda kusini ni kama kilomita 90 tu, halafu Kifaransa kinakwisha. Kasumbalesa ndio mlango. Ng'ambo ni Zambia, na karatasi ya kwanza utakayopewa kujaza ni ya Kiingereza. Mdogo wangu, mmoja wa ma-Désiré wengi wa ukoo wetu, alivuka hapo akienda kutafuta kazi kwenye migodi ya Copperbelt. Hakufika mbali akanipigia simu: "Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa wa kuzaliwa), banaharibisha jina yangu!" Aliyepokea karatasi zake alisoma DESIRE kwa sauti, "dizaya", neno ambalo kwa Kiingereza ni tamaa, na tamaa yenyewe mara nyingi ile ya chumbani. Foleni nzima ikacheka.

Nilimpa pole, lakini sikumficha ukweli. Alama zake mbili, vile vijistari juu ya é, hazikuanguka mpakani. Zilianguka kulekule Lubumbashi, na huenda aliyeziangusha ni mimi.

Kabla sijaondoka Kongo nilifanya kazi miaka kadhaa katika secrétariat public, mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi: kupiga chapa, fotokopi, kuplastikisha vyeti. Kibodi zetu ni AZERTY, zile za mpangilio wa Kifaransa. Humo é iko pamoja na 2, è pamoja na 7, ç pamoja na 9, lakini zote ni herufi ndogo. É kubwa haina kitufe chake. Na karatasi zetu za serikali zinapenda herufi kubwa: majina yote kwa majuskuli, tafadhali. Basi unabonyeza kitufe cha herufi kubwa, unaandika DESIRE, unakwenda kwa mteja mwingine. Hata walimu walituambia kwamba herufi kubwa haivai alama. Si kweli. Académie française yenyewe, baraza linalosimamia Kifaransa, inasema alama ni sehemu ya tahajia hata juu ya herufi kubwa. Kilichotufundisha vingine ni upungufu wa mashine.

Kwa hiyo swali la kama uandike jina lako na alama zake unapoishi kwenye Kiingereza, nalijibu kwa kuuliza swali jingine: nani atalisoma, mashine au mtu?

Fungua pasipoti yako, ukurasa wenye picha. Chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi zilizobanana, kila mmoja una nafasi 44. Wa kwanza unaanza na P<COD. Hiyo ni sehemu ya mashine, na kanuni zake ni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO: A hadi Z, tarakimu, na ile alama ya <, basi. É inakuwa E, Ï inakuwa I, Ç inakuwa C. Kistari cha katikati kinageuzwa <, kwa hiyo Jean-Désiré ni JEAN<DESIRE. Koma ya juu inafutwa: N'Kulu ni NKULU. Juu ya ukurasa nchi inaruhusiwa kuandika alama zote inazotaka, ila mistari ile miwili haina huruma.

Huo mstari wa kwanza ndio jina lako popote penye kompyuta: viza, tiketi ya ndege, benki, kibali cha kazi, pesa za kutuma. Liandike hivyohivyo, bila alama, bila kuona uchungu. Kwenye tiketi watalibana zaidi, hata MR inaweza kunata mwishoni ukasoma DESIREMR. Usishtuke, ni desturi yao. Fomu ya viza ya Marekani, ile DS-160, ina sehemu mbili: moja ya herufi za kawaida tu, nyingine ya jina kamili kama linavyoandikwa kwenu. Hiyo ya pili ndiyo nafasi yako. Weka alama zote, hakuna atakayekukataza.

Kosa la kweli ni lile alilolifanya mdogo wangu baada ya kuchekwa. Alipofungua akaunti ya benki akaamua kuwasaidia wasikosee tena: akaandika "Dezireh". Kwa Kiswahili Dezire ni sawa kabisa, ndivyo tunavyoandikiana kwenye WhatsApp, na kila mtu anasoma vizuri kwa sababu irabu zetu hazidanganyi. Lakini kibali cha kazi kilisema DESIRE. S imekuwa Z, na h imetoka hewani. Mshahara wa mwezi wa kwanza ulirudishwa, wa pili ukarudishwa, mpaka akaenda kula kiapo mbele ya wakili kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Alama ikidondoka, herufi zimebaki zilezile, na mtu mwenye akili ataona kwamba Désiré na DESIRE ni mmoja. Ukibadilisha herufi, umezaa mtu mpya.

Kwa hiyo: usiongeze herufi, usipunguze herufi, usihamishe herufi. Wenye majina ya Kijerumani wana shida yao, kwa sababu Müller anaweza kutokea MUELLER kwenye mistari ile ya mashine. Sisi wa é na ï tuna bahati. Alama inavuliwa, mwili unabaki.

Sasa upande wa watu. Kadi ya biashara, CV, barua, tangazo la harusi, mlango wa ofisi, programu ya mazishi, jina chini ya barua pepe: hapo weka alama, na wakiziacha, wakumbushe. Usiogope kuonekana msumbufu. Waingereza wenyewe wanaandika café, na wengi wanaandika résumé ili isichanganywe na neno jingine lenye herufi hizohizo. Beyoncé amewafundisha mamilioni kwamba é ya mwisho inatamkwa. Shirika la habari la AP, ambalo zamani lilikwepa alama kwa sababu mitambo ya kupeleka habari ilikuwa inaziharibu, mwaka 2019 lilibadilisha kanuni: mtu akitaka alama kwenye jina lake, au akijulikana kwa jina lenye alama, aandikwe nazo. Ukimwomba mkuu wako wa kazi kitu hichohicho, hujaomba zawadi.

Ila sitakudanganya kwamba kila alama ina uzito mmoja. Mimi nina daraja zangu. Ya kwanza ni é ya mwisho: Désiré, Aimé, René, Dieudonné, Noé, Josué. Msomaji wa Kiingereza asiyeiona anaila silabi nzima. Aimé anakuwa "eim". Na kati ya Aimé na Aimée, René na Renée, herufi ile ya mwisho ndiyo inayosema kama ni kaka au dada, kwa hiyo hiyo e usiiguse kamwe hata alama ikikatazwa. Ya pili ni nukta mbili za Moïse, Noëlla, Anaïs. Mtu wa Lubumbashi hahitaji maelezo, jina la Moïse Katumbi, gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, limeandikwa kila mahali. Lakini toa zile nukta uone: Mfaransa atasoma "mwaz", Mwingereza atasoma "moiz", na hakuna kati yao aliyemwita Musa.

Halafu kuna zile ambazo, kusema kweli, kwenye Kiingereza hazibebi kitu. Kakofia ka Grâce au ka Benoît. É ya katikati ya Espérance au Félix. Ukiziweka ni heshima kwa mama aliyekuita hivyo, ukiziacha hakuna atakayekosea kukuita. Hapo sipigani. Nina binamu anaitwa Grâce, alipofika nchi ya Kiingereza alikuta Grace wamejaa kila kona, akavua kofia siku ileile na hajaililia.

Na kuna majina yasiyo na alama hata moja ambayo yanatutesa kuliko haya yote. Kaka anayeitwa Patient akilazwa hospitali ya Kiingereza, muuguzi anasoma kwenye faili: jina la mgonjwa, Mgonjwa. Kwa hilo sina dawa.

Jina la mtu msilichanganye na jina la mahali. La mahali ni la lugha inayolitaja. Mwingereza anaandika Montreal na Geneva, nasi tunaandika Ufaransa na Uingereza, hakuna aliyeibiwa. Nchi yetu ilipoitwa Zaïre, Kiingereza kiliandika Zaire bila nukta hadi Laurent-Désiré Kabila alipoingia Kinshasa mwezi wa Mei 1997 na jina lenyewe likafutwa. Wenye wazazi waliozaliwa mjini kwetu kabla ya 1966 watakuta Élisabethville kwenye cheti. Kwenye fomu, fuata kilichoandikwa katika pasipoti, na kama kuna nafasi ya maelezo, eleza kwamba ndiyo Lubumbashi ya leo. Wengine wote shukuruni: Lubumbashi, Goma, Bukavu, Kolwezi, hakuna hata nukta ya kubishania.

Jambo linalofanana na hili, na linaloumiza zaidi, ni mpangilio. Sisi tuna nom (la ukoo), post-nom (la asili linalofuata nyuma yake) na prénom (la Kikristo). Waingereza wana la kwanza, la katikati na la ukoo, na la ukoo ndilo wanaloliamini. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo. Yeye mwenyewe alikuwa Joseph-Désiré, akalitupa akawa Mobutu Sese Seko. Watoto walioandikwa miaka ile waliandikwa kwa nom na post-nom tu, na ma-prénom yakarudi kwenye karatasi baada ya siasa kulegezwa mwaka 1990. Ndiyo maana baba mmoja anaweza kuwa na cheti cha zamani bila Moïse, kadi ya mpiga kura yenye Moise, na pasipoti yenye MOISE mahali pengine. Kabla hujajaza fomu yoyote ya Kiingereza, rudi kwenye mstari wa mashine. Yaliyo kabla ya << mbili ndiyo watakayoyaita ya ukoo, yaliyo baada yake ni yako binafsi. Jaza kwa mpangilio huo, hata kama moyo wako unasema vingine, na ujaze vivyo hivyo kila mara.

Kwa wenye watoto wanaozaliwa huko: ulizeni kabla ya kuandikisha, msingoje cheti kitoke. Huko California kwa miaka mingi cheti cha kuzaliwa kilitumia herufi 26 za Kiingereza tu. Hilo linahusishwa na kura ya mwaka 1986 iliyofanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya jimbo, na mwaka 2017 bunge la jimbo lilipopitisha sheria ya kuruhusu alama, gavana Jerry Brown aliikataa. Msidhani Wafaransa ni wema zaidi. Mwaka huohuo wa 2017, huko Quimper, wazazi walimwita mtoto wao Fañch, jina la Kibretoni, na serikali ikaikataa ñ kwa sababu haimo katika orodha yake ya alama zinazokubalika. Mahakama ya rufaa ya Rennes iliwapa haki mwaka 2018. Wenye alama nao wanachagua alama.

Kwenye kompyuta, mambo mawili. Ukiona jina lako limekuwa DÃ©sirÃ©, hujarogwa: programu moja imeandika kwa mfumo mmoja wa herufi, nyingine ikasoma kwa mfumo mwingine. Ikitokea kwenye fomu rasmi, iandike upya bila alama kabla hawajaichapa. La pili, mtu akitafuta "Desire" kwenye orodha ya wafanyakazi, kompyuta nyingine haitamwonyesha Désiré. Kwa hiyo anwani ya barua pepe na jina la faili la CV viandikwe bila alama. Ndani ya CV yenyewe, juu, kwa herufi kubwa, ziwepo.

Anayetuma pesa nyumbani aombe kwanza picha ya kadi ya mpokeaji, aandike jina kama lilivyo hapo. Mama amesimama dirishani tangu asubuhi, si wakati wa kumtetea Thérèse na alama zake.

Kuhusu mdogo wangu: kazini alimwomba mkuu wake kadi ya kifuani yenye alama, akaandikiwa. Wazambia wanamwita sawasawa sasa, na wakisahau anawaambia jina langu linaimba mwishoni kama café. Kwenye simu yako, bonyeza e bila kuachia kidole, alama zitajipanga juu yake uchague. Kwenye Mac, Option na e pamoja, halafu e. Kwenye Windows yenye tarakimu pembeni, shika Alt uandike 0233 upate é, 0232 upate è, 0239 upate ï, 0235 upate ë, 0231 upate ç. Na 0201 inakupa É kubwa, ile ambayo pale Kamalondo sikuwa na kitufe chake.